Mshale Unaotikisa Mkia

Usinione nacheka namna hii ukadhani namdharau Maduhu. Ni mtani wangu. Yeye Msukuma, mimi Mzaramo wa kuzaliwa Kilosa, maana babu yangu alikuja kufanya kazi ya reli, asirudi tena kwao. Kwa utani huo naweza kumwambia Maduhu neno ambalo mkewe akilisema patachimbika, na yeye hana ruhusa ya kununa. Akinuna namtoza kuku.

Alitoka Shinyanga na ng'ombe wake, akafikia Mvumi, akalima na kufuga. Huko alikuwa mlinzi wa sungusungu, na upinde wake ulikuwa na sifa. Vijana wenye vifua waliuvuta mpaka jasho likawatoka, haukuja. Kisha maksai akambana bega kwenye nguzo ya zizi. Mfupa uliunga, nguvu haikurudi. Ng'ombe akawaachia wadogo zake, akahamia Mikumi na mkewe Paulina kutafuta kazi isiyotaka bega.

Kazi yenyewe haikupatikana. Akawa anashinda kwenye benchi la kibanda changu, pale malori yanaposimama watu wapate kula, kimya utadhani amefiwa. Upinde wake wa zamani ulilala chini ya kitanda. Mikumi tumepakana na hifadhi. Ukionekana barabarani na upinde wewe ni jangili tu, hata kama unakwenda kanisani. Jamani, Maduhu alikuwa anazeeka mbele ya macho yetu.

Ndiyo miaka ile biashara zimefunguliwa, kila mwenye mtaji anajenga chake, huyu gesti, huyu baa. Kambi moja ya watalii nje ya mji ikawa inatafuta mtu wa kufundisha wageni kupiga upinde. Msimamizi wake, kijana mmoja aitwaye Cornel, alikuwa anakula wali maharage kwangu. Nikamwonyesha Maduhu kwa mwiko.

"Yule pale. Mchukue kabla hajaota mizizi kwenye benchi langu."

Paulina aliposikia alilia. "Ziada, mume wangu akiipata hii kazi atarudi kuwa mtu," akaniambia. Mshahara ni mshahara, lakini hilo la kurudi kuwa mtu ndilo lililotukaa rohoni.

Kambini kulikuwa na pinde za mbao, nyepesi kuvuta, ncha zake zimejikunja kwa mbele, na mabunda mawili ya mishale ya kaboni, myeusi, myembamba kuliko kidole. Bunda moja limeandikwa 340, jingine 600. Cornel akasoma karatasi iliyokuja nayo: namba ikiwa kubwa mshale ni laini zaidi, nao ndio wa upinde mwepesi. Maduhu hata hakumsikiliza. Aliubana mshale wa 340 kwa mikono miwili akaupinda, ukamgomea. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Huu ndio mshale. Hiyo mingine ni ya watoto."

"Sawa, mzee," Cornel akasema kwa adabu. Akamweleza kwamba Jumamosi wageni wa kwanza wanafika, na mwenye kambi atakuja kumwona akipiga. Akipendezwa, kazi ni yake. Asipopendezwa, basi.

Nilikuwa napeleka chakula cha wafanyakazi kule mchana, kwa hiyo niliona kwa macho yangu. Maduhu alisimamisha shabaha ya majani makavu, akavuta, akaachia. Mshale ukatoka unayumba, mkia huku, mkia kule, ukachomeka kushoto kabisa. Wa pili kushoto. Wa tatu ukapita nje, ukaingia kwenye nyasi. Wafanyakazi wakaangalia viatu vyao.

"Upepo huo, mzee," Cornel akasema.

Upepo gani! Hata jani la muhindi halikutikisika. Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa. Paulina, aliyekuja kunisaidia kubeba sahani, akanishika mkono. "Mwambie wewe. Mimi siwezi."

Nikatua sufuria. "Mtani! Huo mshale unatikisa mkia kama mbwa aliyeona mfupa. Unakwenda kuua au kuomba chakula?"

Watu wakaangua kicheko. Maduhu akageuka, macho mekundu. "Mzaramo anajua nini habari za mishale? Ninyi mnajua nazi."

"Najua kuona. Bega lako ni la leo, mtani, mishale yako ni ya jana. Umemchagulia Maduhu wa Mvumi, huyu wa Mikumi ataipinda kwa nguvu gani?"

Kicheko kikakatika. Weee! Utani una mpaka wake, na nilijua nimekanyaga kidonda. Maduhu akashusha upinde, akakaa chini kwenye vumbi. Nikaanza kutafuta maneno ya kumwomba radhi.

"Baba alinifundisha," akasema polepole. "Mshale ukitoka lazima ujipinde kidogo, upite ubavuni mwa upinde, ndipo unyooke. Upinde usipokuwa na nguvu ya kuupinda, mshale unaugonga na kuyumba. Nilikuwa nawafundisha wenzangu jambo hilihili." Akajifuta uso. "Cornel, mwanangu, lete ile ya watoto."

Hapo ndipo nilipomwona Maduhu ambaye Paulina alikuwa akinisimulia. Alitoa mkia, vile vibawa vya plastiki vya nyuma, kwenye mshale mmoja wa 600, ukabaki mti mtupu, maana usio na mkia hauwezi kuficha kasoro. Akaupiga. Safari hii ukaelea kulia kidogo, umelegea mno. Akachomoa ncha, akaukata mbele kwa msumeno wa chuma, kipande chembamba kama ukucha, kwa sababu ukiufupisha unakuwa mgumu. Akarudisha ncha, akapiga, akakata tena. Hakuwa na haraka. Mwisho mti mtupu ukaenda umenyooka, na mingine yote akaikata kwa kipimo hicho.

Kisha akasema mikia ya plastiki inakwaruza mbao za upinde, anataka manyoya. Nimerudi nyumbani, bata mzinga wangu bawa moja kipara!

"Ala! Mwizi wewe!"

"Utani huo," akanijibu. "Ukinuna nakutoza kuku."

Jumamosi, mbele ya mwenye kambi, mshale wa kwanza ulikwenda katikati ya shabaha, wa pili ukaukaribia mpaka manyoya yakagusana. Mgeni mmoja, pande la mtu, akakimbilia bunda la 340. Maduhu akamnyang'anya taratibu. "Hapana, baba. Kwanza vuta upinde nione bega lako." Mwenye kambi akacheka, akampa mkono. Paulina alijifunika kanga usoni.

Jumatatu Maduhu alitoa upinde wake mkubwa chini ya kitanda, akaubeba begani mchana kweupe kando ya barabara kuu. Askari wa hifadhi akamsimamisha.

"Shikamoo mzee. Unakwenda wapi na upinde?"

"Marahaba. Huu ni wa jana, mwanangu, nakwenda kuutundika ukutani kambini. Wa leo uko kazini, unanisubiri."

Askari akampisha. Mimi nilikuwa nyuma yake na sufuria la wali kichwani, nikaongeza mwendo tuongozane.