Keki ya Rafiki wa Mzee

Acha nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Mzee ninayemtunza hapa Ingleburn, ughaibuni, hukusanya bastola ndogo za kulengea shabaha, zile adimu, na huzifungia kabatini. Jumamosi rafiki yake alikuja na kisanduku mkononi. Kwetu mgeni haji mikono mitupu, nikajua ni keki. Wala mgeni hajibebei mzigo, basi nikanyosha mkono kumpokea.

“Hapana, niachie!” mgeni akasema.

Nikaona ni adabu tu, maana mgeni lazima akatae kwanza. Nikamnyang’anya, nikakimbilia jikoni nikicheka, yeye na mkongojo wake nyuma. Nikapanga sahani, nikashika kisu, nikafungua kifuniko.

Bastola!

Mlangoni mzee wangu alikuwa akifuta machozi ya kicheko.

“Rehema, mimi nikatie kipande kikubwa.”