Pole Si Sori

Jumla ya hasara yangu ni mlango wa dereva, kioo cha pembeni, na punguzo la bima nililolikusanya kwa miaka mingi ya kuendesha kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Nimehesabu mara mbili. Mara ya pili zikaongezeka nauli za basi, nikaona niache kabla hesabu haijazoea.

Aliyenisababishia anakaa mtaa huohuo, hapa Edmonton, Uingereza, upande wa pili wa barabara. Namwita shemeji kwa kuwa mkewe ni mtu wa kwetu Morogoro. Ni undugu wa ugenini: mkigundua mlinunua mchicha soko moja, mmeshakuwa ndugu. Yeye ananiita shem, na mpaka baridi ya mwaka huu nilikuwa naitika kwa moyo mmoja.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Asubuhi naanzia kwa bibi mmoja Mwingereza, namwamsha, namwosha, nampa dawa na uji wake wa shayiri usio na sukari wala furaha. Kutoka hapo naenda kwa wengine. Kwa gari nawamaliza wote. Kwa basi nawafikia nusu, na kampuni hailipi kwa mlango usioubisha. Kwa hiyo gari langu msilione ni starehe. Lile ndilo jembe.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha jioni, usiku ikaganda. Redioni wakaonya kuhusu barafu nyeusi. Mimi nimekulia nikijua barafu ni nyeupe au nyekundu, inauzwa kwenye vifuko vya nailoni shuleni, na ukiinyonya vibaya inakuchafua sare. Ya nyeusi nimeijulia huku. Ni ile usiyoiona. Unaona lami tu.

Nikakaa ndani ya gari, injini inanguruma, nangoja kioo kiyeyuke, huku naitazama barabara. Ilikuwa inang'aa kama miguu ya mtoto aliyepakwa mafuta ya mgando siku ya sikukuu. Gari la manispaa la kumwaga chumvi linapita barabara kubwa tu. Mitaa kama yetu chumvi tunaionja kwenye mchuzi. Nikampigia msimamizi wangu. Akasema nitumie busara yangu. Nikaitafsiri: ukienda ukaumia, ni busara yako; usipoenda, ni mshahara wako.

Shemeji akatoka kwake, akaanza kukwangua kioo cha gari lake kwa kadi ya benki.

"Shem, bado umeatamia? Utaangua vifaranga humo!"

"Barabara inateleza, shemeji."

"Barafu ni maji yaliyolala tu. Ukipita taratibu huyaamshi."

"Na yakiamka?"

"Basi baki nyumbani ufume vitambaa vya makochi," akasema, akacheka, akaingia garini.

Nikazima injini. Niliamua kuliacha gari niende kwa basi. Afadhali uji wa bibi uchelewe kuliko mimi niwahi kaburini. Nikaingia ndani kubadilisha viatu, na nilikuwa nimevaa buti moja niliposikia mlio. Hata sikujiuliza ni gari la nani.

Nilitoka na buti moja na ndara moja. Gari la shemeji lilikuwa limekuja kwa ubavu, limeegemea mlango wangu kama mlevi aliyefika kwake. Yeye ameshika usukani kwa mikono miwili, midomo inamcheza. Na mtu aliyelelewa kwetu akiona mwenzake amepatwa, haulizi nani kaanza. Ukijikwaa kwenye jiwe uliloliweka mwenyewe, nakupa pole. Ukinyeshewa, pole. Ukitoka kazini mzima wa afya, pole na kazi. Ila mimi nimekaa huku miaka mingi, na nina binti ninayemsemesha Kiswahili akanijibu Kiingereza, ulimi umeshageuka. Kilichonitoka kilikuwa:

"Sori! Sori shemeji! Sori jamani, sori sana!"

Naye akanijibu kama anavyojibu mtu aliyefunzwa adabu: "Asante, shem. Nishapoa."

Nishapoa. Neno hilo lishikeni. Hakuna binadamu anayeombwa msamaha akajibu kwamba amepoa. Anayepoa ni aliyepewa pole.

Wiki mbili baadaye kampuni ya bima ikanipigia. Kumbe shemeji amewaambia kwamba nilikuwa natoa gari, nikaingiza pua barabarani, akashindwa kunikwepa. Ushahidi anao: mlangoni kwake kuna kengele yenye kamera, haikuona magari, lakini imesikia. Wakanichezea. Mlio, kisha mimi, sori nne mfululizo, sauti ya mtu anayekiri mbele ya padre. Halafu kimya. Pale alipotakiwa kupoa, amekata.

Nikamweleza yule kijana wa bima habari za pole. Nikampa mifano. Alinisikiliza vizuri sana, akaniuliza: "Kwa hiyo ulisema sori, ila hukuwa na maana ya sori?" Ningekuwa yeye, hata mimi nisingejiamini.

Nikavuka barabara, nikagonga.

"Shemeji, wewe unajua sori ile ilikuwa pole. Waambie."

Hakunikaribisha ndani. "Shem," akasema, "tuko Uingereza. Sori ni sori."

Nikarudi kwangu. Binti yangu aliniuliza kwa Kiingereza chake kwa nini natabasamu. Nikamwambia nimefundishwa lugha.

Sikukaa sana na somo langu. Barafu ilirudi, nami nilikuwa getini nangoja muda wa basi, shemeji akatoka kusukuma pipa la taka kulileta barabarani. Yale maji yaliyolala yakaamka. Kwanza ilikwenda miguu, kisha yeye akakumbatia pipa, pipa nalo likamkumbatia, wakashuka pamoja, yeye chini. Maganda ya ndizi yakafuata.

Nilisimama palepale. Kwetu mtu akianguka, hata adui yako, ukikaa kimya umemtukana tusi lisilo na dawa. Nilikuwa nalijua hilo, na ndiyo maana nilikaa kimya kwa raha zangu zote.

"Shem," akaguna kutoka chini ya pipa, "hata pole?"

"Shemeji, pole kwa Kiingereza inaitwaje?"

Akajitoa ganda la ndizi kichwani.

"Maana tuko Uingereza. Nisije nikaonekana mimi ndiye niliyekusukuma."

Nikaipungia mkono kamera yake. Nikavuka, nikalisimamisha pipa, kwa sababu pipa ni mali ya manispaa na halijanikosea. Basi lilipokuja nikalidaka.

Amevimba kifundo cha mguu, haendi kazini. Nimepita dirishani kwake mara nyingi kuliko njia inavyohitaji, na kila mara nimemwona mguu juu ya mto. Nimepita tena kuhakikisha.

Jana mkewe alikuja kwangu, hakukaa hata kwenye kochi.

"Dada, watu wote wa kwetu wameshakuja kumjulia hali. Umebaki wewe. Wanauliza."

"Waambie naogopa barafu."

"Dada, usinichekeshe, nina hasira." Kisha akashusha sauti. "Nimeongea naye. Ile video nzima anayo, ya kupoa kwake na yote. Jumapili njoo na chapati zako, umpe pole mbele ya watu, na yeye atawatumia bima video nzima."

"Atume kwanza."

"Anasema utoe pole kwanza. Ukishapata video hutakuja."

Hapo, kusema kweli, alinipatia. Lakini nami namjua mwenzangu: nikishasema pole mbele ya watu, ubaya wake utakuwa umefutwa, mtaa mzima umekula chapati, na video itapotea kwenye simu. Bima wanafunga faili mwisho wa mwezi. Wakiniandikia kosa, ada itakayokuja siiwezi, gari linauzwa, na wazee wangu wa nusu ya pili watapewa mtu mwingine.

Ninyi mliowahi kufanya biashara na shemeji zenu, nishaurini kabla ya Jumapili: nani atangulie kutoa? Na kama ni mimi, chapati nizibebe, au niziache kwanza kwangu, upande huu wa barabara?