Kuku Watatu wa Likizo

Nichekeni tu, maana hata mimi bado nacheka. Tangu nizaliwe hapa Machakos sikuwa nimeenda likizo, na gari sina. Mwaka huu mimi na Mama Mutiso tukajipangia Pwani: basi hadi Voi, treni hadi Mombasa, kisha matatu hadi Malindi. Nikapigia simu hoteli tatu, moja kila mji, kwenye kibanda cha posta, na kila moja ikanijibu, "Karibuni sana, nyinyi ni wageni wetu!"

"Baba Mutiso," mke wangu akasema, "mgeni haendi mikono mitupu."

Kweli kabisa! Kwetu Ukambani utalalaje kwa watu bila kuwapelekea kitu? Tukafunga kuku watatu kwenye kiondo, mmoja kwa kila hoteli.

Voi nikaingia mapokezi na suti yangu ya harusi. Watalii tele. Nikamtoa jogoo, nikamkabidhi dada wa mapokezi kwa mikono miwili: "Asanteni kwa kutukaribisha kwenu!"

Jogoo akawika. Ukumbi mzima ukageuka. Dada akamtazama jogoo, akatutazama sisi, akashika kalamu, akauliza kwa adabu:

"Huyu atalala na nyinyi, ama nimwandikie chumba chake?"