Fuksia ya Mama Ilipoteremka Masasi

Enzi zetu kule Chilangala, juu Newala, mtoto hakuoga popote alipotaka. Sisi tulioga juu ya jiwe bapa nyuma ya nyumba, upande usiopigwa na jua, kwa sababu chini ya jiwe lile mama alikuwa amepanda ua lake la fuksia. Tulisimama tukitetemeka kwa ukungu wa Juni, mama akitumwagia kata moja moja, na maji yakitutoka miguuni yakaenda moja kwa moja kwenye shina. Ukiruka pembeni, unaitwa urudi.

Watu wa rika langu wanajua shida ya maji Newala ilivyokuwa. Mama zetu waliteremka bondeni alfajiri, wakapanda na ndoo kichwani, na maji yale hayakutumika mara moja. Yaliyooshewa mbaazi yalinawiwa mikono, na ya mwisho kabisa yakaenda kwenye ua. Majirani walimshangaa mama. Ua haliliwi, wala haliuzwi kama korosho. Baba alikuwa akirudi shamba ananukia mabibo, anatazama jiwe lile na kusema, "Mama Tekla, ua lako linaoga kuliko mimi."

"Ndiyo maana halinuki," mama anamjibu, huku anamtengea ugali wa muhogo na kisamvu.

Kijiti cha kupanda alipewa misheni, alikokuwa akifagia kanisa. Sisi watoto tuliyaita maua ya hereni, maana yananing'inia, mekundu kwa nje na zambarau kwa ndani. Wasichana tuliyaokota chini tukayatundika masikioni, tukaenda kucheza rede. Kuchuma ndiyo ilikuwa marufuku. Mama alichuma mwenyewe, Jumapili, ya kuweka altareni.

Baba alipofariki, mimi na dada yangu Tekla tuliona mama asiendelee kuteseka na ndoo. Tekla anaishi Masasi, na wakati ule tayari alikuwa na bomba uani. Tukamteremsha mama huko. Ndani ya basi alipakata kopo lenye kijiti cha fuksia, hakukubali mtu amshikie.

Masasi ua lilimwagiliwa hadi kopo likafurika. Likachipua, tukafurahi. Joto la Oktoba lilipoingia, majani yakaanza kupukutika. Mama akawa analihamisha kopo toka kivuli hiki hadi kile, siku nzima, mpaka kikabaki kijiti kikavu.

Jioni moja alituambia taratibu, "Wanangu, huku maji yapo. Baridi ndiyo haipo. Nirudisheni nyumbani."

Tulidhani anasikitikia ua. Tukamwambia angoje mvua zipite, tutamtafutia kijiti kingine. Hakurudia tena kusema. Mvua zilipopita tulimpandisha Newala kumzika. Kule nyuma ya nyumba fuksia ilishakufa zamani, maana nyumba ilifungwa na hapakuwa na mtu wa kuoga.

Siku hizi nimerudi kukaa Chilangala, na bomba limefika mpaka uani. Watoto wangu hulifungua, wakazama kwenye simu, ndoo ikamwagika hadi njiani. Nikiwasimulia habari za kuogea juu ya ua wanacheka, wanasema bibi alikuwa mbanaji. Siwalaumu, hawakuijua shida ile. Ila asubuhi za Juni, ukungu ukiwa umetanda na bomba linatiririka, huwa najisemea kwamba tungengoja miaka michache tu, mama angevipata vyote viwili hapa hapa mlangoni kwake.