Mahali Pasipofika Basi

Mume wangu amepeleka watu kuoga maji moto kwa miaka zaidi ya arobaini, na yeye mwenyewe hajawahi kuchovya hata kidole. Msicheke, ni kweli. Mtajie chemchemi yoyote ya kisiwa chetu cha Kyushu hapa Japani, iwe Beppu, iwe Unzen, iwe Ibusuki kule chini kabisa, atakwambia uwanja wa kuegesha basi una upana gani, kona ipi inataka gia ya pili, na mama gani anawapikia madereva supu ya tambi nyuma ya hoteli. Sasa muulize maji yenyewe yakoje. Atakuna kichwa.

"Dereva akioga mchana, kona ya pili analala." Ndivyo wazee wa kazi walivyomfundisha, na ndivyo naye alivyowafundisha waliokuja nyuma yake. Abiria wanashuka, wanaoga, wanakunywa, wanaimba mpaka sauti zinawakauka. Yeye yuko nje anafuta vioo. Huyo ndiye Iwao Kabashima, mwenye kofia, glovu nyeupe na mashati niliyoyapiga pasi mimi. Hapa mjini kwetu Kurume ukitaja dereva Kabashima, hata watu ambao hawajapanda basi lake wanatikisa kichwa kwa heshima.

Alistaafu miaka miwili iliyopita, ati. Nasema ati kwa sababu kila majani yanapogeuka rangi milimani na watalii wakamiminika kuyatazama, simu ya kampuni inalia: mzee, tumepungukiwa madereva, tusaidie siku chache tu. Na huyu mzee, ambaye ukimwomba atoe takataka nje mgongo unamuuma, anaruka kutafuta kofia. Ana miaka sitini na tisa. Macho yameanza kumchezea, na masikio ndiyo usiseme. Nyuma yake wanakaa watu basi zima, bibi za watu na wajukuu za watu. Nilikuwa naogopa, sifichi. Nilitaka aache usukani kabla msimu huu haujaanza, na nilikuwa tayari kugombana.

Basi mwezi wa tisa nikamwekea sharti. Nilikuwa saluni, yaani chumba cha mbele cha nyumba yetu, namfunga rola Bi Eguchi, mteja wangu wa siku nyingi, mjane asiye na kazi nyingine ila za watu. Mzee akapita na kikombe chake cha chai.

"Baba Chikage, hebu njoo. Mwezi wa kumi na moja mimi na wewe tunakwenda kuoga maji moto. Tunalala huko. Wewe ndiye mjuzi, chagua mahali."

"Mwezi wa kumi na moja ni msimu," akasema.

"Ndiyo maana nikautaja. Simu ikilia ukaenda, mimi nitakwenda na dada yangu Hisayo, na sikuahidi nitarudi lini."

Bi Eguchi akamtazama kwenye kioo. "Hapo umekabwa, baba. Kubali tu."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno yangu ya akiba, makali, ya miaka mingi. Yule mtu akanywa chai yake, akasema, "Sawa, twende," akatoka zake kwa miguu kwenda sokoni. Siku hizo kila mahali alikwenda kwa miguu, gari letu limelala tu uani, eti kutembea ni dawa ya magoti. Mimi nikajua anajinyoosha viungo kwa ajili ya msimu.

Kuchagua sasa! Nina magazeti ya safari ya kuwapa wateja wasome wakisubiri rangi ikolee. Nikayarundika mezani, na kila jioni nikawa namfungulia ukurasa.

"Beppu."

"Watu wengi mno."

"Haya, Unzen. Tazama moshi unavyofuka, raha."

"Kona zile..."

"Kona zinakuhusu nini? Utakuwa umekaa unakula machungwa!"

"Kona ni kona," akajibu, akafunga gazeti.

Nikamtajia Yufuin. Akasema kuna mtu anauza mayai karibu na stesheni, anaongea sana. Nikamtajia mahali pengine, akasema yule mama wa supu ya tambi atamwona. Nikamuuliza, akikuona atakung'ata? "Basi tu," akasema. Nikamtajia Ibusuki, wanakofukia watu kwenye mchanga wa moto, nikimwambia ukishafukiwa mpaka shingoni hakuna atakayekutambua. Akafikiri kidogo. Akasema walinzi wa pale wote anawajua.

"Mchagua jembe si mkulima," Bi Eguchi akasema aliporudi kukata nywele. "Huyu hataki kwenda, Fusae. Anavuta siku mpaka simu ilie."

Nami ndivyo nilivyoamini. Roho iliniuma. Mtu ameoa, amezeeka na mkewe, halafu anamchenga kama mdeni! Jioni ile sikumpa chai. Nilichukua gazeti la mwisho kabisa, nikaenda ukurasa wa nyuma wanakowekwa maskini wasioweza kulipia picha kubwa, nikatafuta kwa makusudi mahali pa kumkomoa. Nikapaona. Kijumba cha wageni kwenye bonde liitwalo Sugidani, vyumba vichache, bwawa moja la wanaume na moja la wanawake. Nikamsomea kwa sauti, neno kwa neno, nikitabasamu kwa ubaya.

"'Barabara yetu ni nyembamba, mabasi hayafiki. Wageni tunawapokea stesheni kwa kigari chetu.' Umesikia? Mabasi hayafiki. Hapo ndipo tunapokwenda."

Akanyanyua uso. "Hayafiki kabisa?"

"Kabisa."

"Hata yale madogo ya vikundi?"

"Hata nyuki sijui kama wanafika!"

Akalichukua gazeti, akavaa miwani, akasoma mwenyewe. Kisha akacheka, kicheko ambacho sikukisikia siku nyingi. "Pazuri," akasema. "Piga simu leo leo, wasije wakajaa." Nimekuja na ugomvi, mtu ameupokea kama zawadi.

Siku mbili kabla ya safari, simu ya kampuni ikalia. Niliijua kwa jinsi alivyoitazama. Alitoka nayo mpaka kwenye kamba za nguo, akaongea huko amenipa mgongo, akarudi.

"Wanasemaje?"

"Wanakusalimu."

Akaenda kulala. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nikajiambia, huyu ana lake jambo. Nilipopanga begi lake nilipekua kila mfuko nikitafuta kama ameficha glovu. Hazikuwamo, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi.

Tukaenda. Treni, halafu kigari cha wageni, na mwanamke mnene aliyekiendesha huku akitafuna ubani, mkono mmoja kwenye usukani. Mzee wangu alikaa nyuma na mimi, na kila kona mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu kutafuta breki. Nikamfinya. Akasema barabara nzuri. Alikuwa na jasho mpaka kwenye masikio.

Mwenye nyumba alitupokea mlangoni kwa magoti, kama inavyopasa, akatupa chai na keki za maharage. Kisha akainamisha kichwa. "Samahani wazee wangu, hili tunawauliza wageni wote waliokula chumvi. Kuna aliyerudisha leseni yake ya udereva? Tuna punguzo, na kichupa cha pombe ya mchele bure."

Ni desturi ya siku hizi. Serikali inawabembeleza wazee wapeleke leseni zao polisi kwa hiari yao, na nyumba za maji moto zinawapongeza hivyo. Mimi nikaangua kicheko.

"Mama wee, umegonga mlango usio wake. Huyu leseni yake atazikwa nayo."

Pembeni yangu mkono ukanyanyuka. Haukufika juu, ulifika begani tu.

"Mimi," mume wangu akasema. "Mwezi wa nane."

"Hongera sana!" mwenye nyumba akapiga makofi. Mimi keki ilinikwama kooni. Kabla sijaimeza, mzee alishachukua taulo lake. "Tukaoge kwanza," akasema, na huyo akatokomea nyuma ya pazia la wanaume, mahali ambapo mke hawezi kumfuata mtu hata nyumba ikiwaka moto.

Nilijisugua kwa hasira mpaka ngozi ikawa nyekundu. Nikaingia bwawani. Maji yale, jamani! Yalinifunga mdomo kwa muda. Kulikuwa na bibi mmoja tu upande wetu, kitambaa kichwani, macho amefumba. Na ukuta kati yetu na wanaume ulikuwa wa mbao, haufiki darini.

"Baba Chikage!" nikaita.

"Ee."

"Mwezi wa nane upi?"

"Ule unaokuja baada ya wa saba, mama," sauti ya mtu nisiyemjua ikajibu, na upande wa pili wakacheka.

"Wewe sikukuuliza! Baba Chikage, nijibu!"

Maji yakachezacheza. Kisha akaanza, taratibu, kwa sauti ambayo hutumia kwenye msiba.

"Unakumbuka siku niliyokwenda kununua tofu na gari, nikarudi mikono mitupu?"

"Ulisema wamefunga."

"Hawakufunga. Pale kwenye kona alitokea mtoto wa baiskeli. Sikumwona, mama Chikage. Mchana kweupe, mbele yangu kabisa, sikumwona. Aliyefunga breki ni yeye, si mimi. Halafu akavua kofia yake akaniinamia, akaniomba radhi. Yeye ndiye aliyeomba radhi. Kesho yake nikaenda polisi."

Hakuna aliyecheka upande wa pili. Yule bibi alikuwa amefumbua macho.

"Na ukanyamaza," nikasema. "Mimi nachambua magazeti, nakununia, nakunyima chai, na wewe umenyamaza!"

"Niliona haya. Nilishasema nitafia kwenye usukani, nikatamba mpaka na Eguchi akasikia. Na kila mahali ulipotaja wananijua. Wangetoka kunilaki, Kabashima, leo umeleta basi gani? Ningewajibu nini?"

"Ungewajibu umemleta mkeo!"

Lilinitoka kwa kelele, likagonga dari, likarudi. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye bomba la mwanzi.

"Mama," yule mtu wa upande wa pili akaita, safari hii kwa adabu, "mzee wako amezamisha uso majini."

"Mwache azame kidogo," nikasema. "Akizidi mvute."

Mimi mwenyewe nilikuwa nalia. Nililia vizuri, bila kujizuia, na yule bibi asiyenijua alisogea akawa ananichotea maji kwa beseni ananimwagia mabegani, kama unavyomwogesha mtoto. Nilimhurumia mume wangu. Nilimkasirikia pia, na niliona fahari juu yake kuliko siku zote alizovaa zile glovu.

"Fusae," akaita baadaye.

"Nini tena?"

"Haya maji. Watu wote wale niliowaleta, mbona hakuna hata mmoja aliyeniambia?"

Hapo wanaume wakacheka tena, na wakati huu tukacheka nao. Hakutoka mle mpaka yule mtu wa upande wa pili alipomtoa akimwongoza, mzee mwekundu kama kamba wa kuchemsha, hajui chumba chetu kiko wapi. Usiku alikula samaki, uyoga na wali bakuli tatu, akanywa kichupa chake cha bure mpaka tone la mwisho, akimsimulia mwenye nyumba jinsi anavyopaswa kuipanua ile barabara. Halafu akasema hapana, msiipanue.

Tukarudi na treni ya mchana. Nikamwachia kiti cha dirishani. Baada ya mji wa Hita reli inakwenda sambamba na ile barabara yake ya miaka yote, na kwenye sehemu moja tukalipata basi la watalii, likawa pembeni yetu, karibu hata nyuso zinaonekana. Vichwa vyote vilikuwa vimeegemea vioo, midomo wazi.

"Wote wamelala," akasema.

"Wametoka kuoga hao."

"Nilikuwa nawaona kwenye kioo, lakini kwa kupepesa tu. Dereva hatakiwi kutazama nyuma sana."

Akalifuata basi kwa macho mpaka kilima kikalificha. Halafu, bila kunigeukia, akauliza, "Na wewe, miaka yote ile nikiwa safarini, ulikuwa unalala?"

Ningeweza kufanya mzaha. Niko tayari kwa mzaha wakati wowote, waulize wateja wangu.

"Hapana," nikamwambia. "Nilikuwa nasubiri kusikia mlango."

Akavua koti lake, akanifunika magoti, akakiegemeza kichwa changu begani kwake mbele za watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Lala sasa," akasema. "Mimi niko macho."

Aliniamsha tulipofika Kurume.