Nilivyowapatanisha Majirani Kabla ya Kikao

Hili jambo mume wangu amenikataza kulisimulia, lakini nyie si watu baki, na aibu yenyewe mtaa wetu mzima wa Merrylands huku ugenini wanaijua, bora mlisikie kwangu.

Mnajua halmashauri yetu ina jopo la kuamua nani ajenge nini na wapi, wataalamu watatu na mkazi mmoja wa kawaida, na mkazi huyo nikawa mimi, Mwanahawa wa Tanga, mhudumu wa wazee (kazi ya heshima, msicheke), wa kwanza kati yetu watu wa pwani. Kina mama wa kikundi chetu wakashona sare kabisa waje kunishuhudia siku ya kwanza.

Nikaletewa furushi la makaratasi nijiandae. Jamani! Mistari, mishale, vivuli vya asubuhi na vivuli vya alasiri, nikaigeuza michoro juu chini, nikavaa miwani, nikavua, wapi. Nilichoambulia ni kwamba Bwana Elias anataka kupandisha ghorofa, na jirani yake wa nyuma, Bi Rosa, mjane, anapinga kwa sababu nyanya zake zitakosa jua. Kulikuwa na kijitabu cha kanuni pia, binti yangu Raya akaniuliza, "Mama, umesoma hiki? It's important." Nikamwambia nitasoma (chupa ya chai ilikuwa imekaa juu yake).

Basi nikaamua, kwa akili zangu timamu, niende nikaone kwa macho yangu. Kuona tu, wallahi. Nimefika, Bwana Elias yuko getini, utampita mtu mzima bila salamu? Nikamsalimu, nikajitambulisha, akaanza kunionesha, mara Bi Rosa katokea ng'ambo ya uzio, huyu anafoka, yule anafoka, na mimi katikati na kikapu changu. Sasa kwetu ukikuta majirani wanagombana, na wewe ni mtu mzima uliyechaguliwa, unaondoka? Nikaomba viti vitatu, nikamimina chai ya tangawizi, nikatoa visheti, tukakaa mpaka jua likapinda, Elias akakubali kusogeza ghorofa upande wa barabarani, wakapeana mikono. Bi Rosa alilia, na mimi nikalia. Akanifungia mfuko wa nyanya, nikarudi nyumbani kifua mbele.

Siku ya kikao mwenyekiti, mama mmoja mpole mwenye mvi, akauliza kama kuna mjumbe mwenye uhusiano wowote na wahusika. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikasimama (wenzangu wote wamekaa, hilo peke yake lingetosha kunishtua) nikasema lile shauri la kwanza, la Elias na Bi Rosa, lisitupotezee muda, limekwisha, nimewapatanisha mwenyewe. Kina mama wakapiga vigelegele.

"Ulikutana nao?" mwenyekiti akauliza. "Bila sisi?"

"Wote wawili. Na chai nikawanywesha."

"Na wao walikupa chochote?"

"Hapana," nikasema. "Nyanya tu."

Karani akaacha kuandika, kisha akaandika sana. Nikaombwa nitoke nje, na mimi, mjinga wa mwisho, nikadhani wanataka kunipangia pongezi. Nikakaa kwenye korido nikitengeneza mtandio, hadi Raya akanifuata na kile kijitabu: mjumbe asizungumze na upande wowote nje ya kikao, wala asipokee kitu. Alama ya duara la chupa yangu ilikuwa hapohapo kwenye ukurasa. Niliona haya hata kumtazama mwanangu.

Shauri likaahirishwa kwa miezi kadhaa, fundi wa Elias akachukua kazi kwingine, na mimi nikarudishwa mafunzoni. Hadi leo sielewi vizuri watu watakaaje mtaa mmoja bila wa kuwakalisha chini, lakini nimeapa, nikiona tangazo la ujenzi kwenye uzio navuka barabara.

Juzi niliwakuta Elias na Bi Rosa dukani, wanasukuma toroli moja, wanacheka. Nikawapungia mkono. Wakageuza nyuso, wote wawili, kwa mpigo mmoja. Angalau nilipatanisha watu wakapatana kweli.