Kitabu Kilichogoma Kufungika

Juzi nilimwona mjukuu wangu akibandika shanga na vifungo kwenye daftari lake. Lilivimba, likagoma kufungika, naye akalikalia. Nilicheka, kisha nikaikumbuka alasiri moja ya utoto wangu.

Alasiri ile nyumba yetu ya Kariakoo ilinukia udi na pilau. Dada yangu Zuhura alikuwa anaolewa, apelekwe Kilwa. Mimi nilikuwa chumbani na kitabu nilichokishona kwa karatasi za kufungia sukari dukani kwa baba. Kwa gundi ya unga wa ngano nilibandika kipande cha kanga yake, kifungo cha gauni lake, na kikuba cha asumini alichokichomoa nyweleni akanipa. Niliamini kilichobandikwa hakiondoki.

“Hakifungiki hicho, mdogo wangu,” alisema Zuhura akitoka.

“Kitafungika!” Nikakikalia.

Ngoma zikasogea mlangoni. Akarudi kuniaga.

“Inuka nikukumbatie.”

“Siinuki. Gundi haijakauka.”

Akainama, akanikumbatia hivyo hivyo. Shingo yangu ikalowa. Nilidhani ni jasho lake.

Sikubanduka mpaka ngoma zilipopotelea mbali. Kitabu kilikuwa kimefungika sawasawa. Nikakimbia kwenda kumwonyesha dada.